Punda wa Dobi na Safari Yake: Hadithi za Watoto Katika Malezi Yetu



Katika mitaa ya Waswahili huku bara, iwe Buyenzi ya Bujumbura, Biryogo ya Kigali au Kasongo ya Kongo, liko swali ambalo wazazi hulirudia kila likizo za shule zinapofika: je, inafaa kuwasimulia watoto ngano za wanyama wanaosema? Simba hana baraza, sungura hazungumzi, na sisi tumekatazwa uongo. Wengine wameona salama ni kuziacha kabisa hadithi za bibi, wakabaki na makatazo peke yake: usifanye hili, acha lile, aibu, haramu. Mtoto wa nyumba hiyo anazijua tabia mbaya zote kwa majina, lakini wema hajapata kuuona ukitembea kwa miguu yake.

Tumeona tulijibu swali hili kwa njia ya historia, kwa sababu si swali jipya. Waliotutangulia waliliuliza na wakalijibu, na majibu yao yamefika mpaka kwenye mikeka ya nyumba zetu bila sisi kujua.

Tuanze na lile ambalo halina ubishi. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha huruma kwa visa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu kali, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo wa majimaji kwa kiu. Yule mtu akajisemea kwamba mbwa huyu kimempata kile kilichompata yeye. Akashuka tena, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Allah (S.W.T.) akamsamehe. Iko na habari ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, naye akaingia motoni kwa ajili ya paka huyo. Tazameni jinsi visa hivi vilivyo vifupi, na jinsi mtoto anavyovishika. Ile khofu iliyoshikwa kwa meno haisahauliki. Mwambie mtoto mara kumi asiwapige wanyama, atasahau. Msimulie habari ya khofu, kesho utamkuta anamwekea paka maji kwenye kifuniko.

Na ndani ya Qur'ani Tukufu kuna sura nzima inayosimulia kisa kimoja tangu mwanzo karibu na mwisho, nayo ni Suratu Yusuf. Kuna chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao lilipopita jeshi la Nabii Suleiman (A.S.), na kuna ndege hud-hud aliyeleta habari kutoka Saba. Lakini hizo ni habari za kweli za Mitume na miujiza yao, na yule mzazi wa swali letu atasema, haki yake: mimi siulizi hizo, nauliza ngano za kutungwa.

Basi twende kwenye ngano za kutungwa, na hapa ndipo safari inapokuwa ndefu.

Zamani huko Bara Hindi palitungwa kitabu kwa lugha ya Sanskrit kiitwacho Panchatantra, maana yake ni mafungu matano. Kinaeleza kwamba mfalme mmoja alikuwa na wana watatu wazito wa kusoma, walimu wakashindwa nao. Akatokea mzee mwenye elimu akaahidi kuwafundisha kwa muda wa miezi sita, na njia yake ikawa ni ngano za wanyama, moja ndani ya nyingine. Yaani tangu siku ya kwanza kitabu hiki kiliandikwa kama dawa ya mtoto aliyekataa masomo. Kila mwalimu wa madrasa anayesoma hapa atamwelewa vizuri mfalme yule.

Kisra Anushirwan, aliyetawala Uajemi kuanzia mwaka 531 hadi 579, ndiye ambaye katika zama zake alizaliwa Mtume wetu (S.A.W.). Mfalme huyu alikuwa na tabibu aitwaye Burzoe. Burzoe alikwenda Bara Hindi akarudi na ngano hizo, akazigeuza kwa Kipahlavi, lugha ya Waajemi wa wakati ule. Nakala hiyo imepotea. Lakini kabla ya kupotea ilifika mikononi mwa kijana mmoja wa Kiajemi aliyesilimu, karani hodari wa Kiarabu, Abdullah ibn al-Muqaffa'. Katikati ya karne ya 8, mwanzoni mwa dola ya Bani Abbas, aliifasiri kwa Kiarabu na kuiita Kalila wa Dimna, kwa majina ya mbweha wawili wa kisa cha kwanza. Wasomi wanakihesabu kitabu hicho miongoni mwa misingi ya nathari ya Kiarabu. Mwenyewe aliuawa Basra kabla ya mwaka 760, naye inaelezwa hakufikisha miaka 40.

Katika utangulizi wake Ibn al-Muqaffa' ameeleza kwa nini wanyama ndio wanaosema. Vijana wapenda mchezo, anasema, watavutiwa na wanyama, watakisoma kwa kucheka, na hekima itakuwa imeshaingia kabla hawajajua. Anamwonya pia msomaji asiishie kwenye mchezo, bali avunje ganda ale kilichomo. Hatuoni kama kuna mwalimu wa leo aliyelisema jambo hili vizuri zaidi.

Lakini jambo tunalotaka wazazi walizingatie hasa ni lile alilolifanya kwenye kisa chenyewe. Kisa ni hiki. Simba mfalme alifanya urafiki na fahali mwema. Mbweha Dimna akaona wivu, kwa kuwa fahali amekuwa karibu na mfalme kuliko yeye. Akamwendea simba akamwambia fahali anakusudia kukupindua, akamwendea fahali akamwambia simba anakusudia kukula. Kila mmoja akaja mbele ya mwenziwe na hofu moyoni, na kila mmoja akaiona hofu ya mwenziwe akadhani ni uadui. Wakapigana, fahali akafa. Kalila, nduguye Dimna, alikuwa amemkanya tangu mwanzo, hakusikia.

Katika kitabu cha Kihindi mambo yanaishia hapo. Fitina imefaulu, na mfitini anaendelea kuwa waziri. Kitabu kile kilikuwa ni cha kufundisha wana wa wafalme siasa, na siasa ndivyo ilivyo. Ila katika Kiarabu unafunua ukurasa unakuta mlango mzima ambao katika asili ya Kihindi haumo, nao ni uchunguzi wa mambo ya Dimna, na wasomi wengi wanaona ameuongeza Ibn al-Muqaffa' mwenyewe. Simba anajuta. Mama yake simba anapata habari ya hila iliyofanyika. Dimna anakamatwa na kusimamishwa mbele ya kadhi, na anajitetea kwa ulimi mtamu kiasi cha msomaji kuanza kuogopa kwamba ataponyoka. Kalila anakufa kwa huzuni. Mwishoni anatokea shahidi aliyesikia kwa masikio yake Kalila akimlaumu Dimna kwa alilolifanya, kisha anatokea wa pili, aliyekuwamo gerezani, aliyemsikia Dimna akikiri. Wanaulizwa kwa nini walinyamaza muda wote huo. Kila mmoja anajibu kwamba alijua shahidi mmoja hatoshi. Mashahidi wawili wakatimia, na Dimna akahukumiwa kufa.

Hii ndiyo kazi ya mlezi. Mtu amepokea hadithi nzuri kutoka kwa watu wengine, hakuitupa kwa kuwa ni ya wageni, wala hakuimeza kama ilivyo. Aliona kwamba kijana akifunga kitabu hali mfitini ameketi kitini kwake, atakuwa amefundishwa fitina. Akaongeza mahakama. Tena hakuongeza mahakama ya ovyo ya kumchinja mwovu ili watu washangilie. Aliweka kadhi, utetezi na mashahidi wawili, ili msomaji ajifunze na uadilifu pia. Yapasa tukumbuke hilo tunaposikia kwamba ngano za wanyama si jambo la Waislamu.

Katika kitabu hicho hicho mna kisa ambacho kwa maoni yetu ndicho bora kuliko vyote kwa watoto, kisa cha njiwa mwenye mkufu shingoni. Kundi la njiwa liliona nafaka, likashuka, likanaswa wavuni. Kila njiwa akawa anapigapiga mabawa yake kutafuta kujiokoa peke yake. Yule mwenye mkufu, kiongozi wao, akawaambia wasaidiane, waruke wote mara moja. Wakaruka, wavu ukang'oka, wakaenda nao angani, mwindaji anawakimbilia chini. Wakafika kwenye shimo la panya rafiki yake njiwa. Panya akaanza kuguguna vifundo vya rafiki yake. Njiwa akamzuia: anza na wenzangu. Panya akarudi tena kwake, naye akarudia neno lile lile. Alipoulizwa sababu akasema, ukianza na mimi huenda ukachoka ukawaacha hawa. Lakini ukiwafungua hawa kwanza, najua hata ukichoka hutaridhika kuniacha mimi nikiwa nimefungwa.

Tumewahi kukisimulia kisa hiki mbele ya watoto wa umri wa miaka saba na minane, tukanyamaza hapo. Hatukuhitaji kuwaeleza ukarimu ni nini. Wasomi wengine wanasema hata lile kundi la wanazuoni wa Basra la karne ya 10, Ikhwan al-Safa, jina lao walilitoa kwenye maneno ya mwanzo wa kisa hiki. Na hao nao waliandika risala ambamo wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini kwa kupigwa, kubebeshwa mizigo na kuchinjwa bila huruma, kila mnyama akieleza dhiki yake. Kwa mtoto mwenye mbuzi au punda nyumbani, hakuna somo lililo karibu zaidi.

Tusidhani kwamba wanazuoni walifungua mlango bila bawabu. Sira inatueleza kuhusu Nadhr ibn Harith wa Makka, aliyewasimulia watu habari za mashujaa wa Kiajemi kusudi wasimsikilize Mtume (S.A.W.). Hapo hadithi ilikuwa silaha. Baadaye wakazuka wasimulizi wa misikitini na sokoni waliokuwa wakizua hadithi na kumsingizia Mtume ili watu walie na kutoa sadaka, na Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, akawaandikia kitabu kizima cha kuwafichua. Yeye mwenyewe alikuwa mhubiri mkubwa, kwa hiyo ugomvi wake haukuwa na usimulizi, ulikuwa na uzushi.

Hapa ndipo penye jibu la yule mzazi wetu. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo akimwahidi kumpa kitu, Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Sasa jipimeni, ndugu zetu. Mtoto anayesikia simba kaitisha baraza anajua kuwa ni ngano. Lakini anayeambiwa "nyamaza, zimwi liko mlangoni", au "nyamaza nikununulie baiskeli", huyo amedanganywa kweli, na mara nyingi ni sisi sisi tunaoogopa ngano ndio tunaosema hayo. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alipolaumiwa kwa visa vyake vya kubuni, alijitetea kwa hoja hii: mbona ngano za wanyama zimesimuliwa zama zote, na hatujasikia mwenye akili aliyezikataa au kumtia dhambini aliyezisimulia? Amali, akakumbusha, huenda na nia. Imam Ghazali naye (Rahimahullah), aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa kulea watoto ndani ya Ihya', anataka mtoto baada ya Qur'ani asikilizishwe visa vya watu wema na hali zao ili mapenzi yao yapandwe moyoni mwake. Na katika mlango huo huo anaagiza mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze, kwani kumzuia mchezo siku zote kunaufisha moyo wake.

Kalila wa Dimna iliendelea na safari. Mwaka 1251 ilifasiriwa Kihispania, ikapita kwa Kiyahudi na Kilatini, na mwaka 1678 mshairi wa Ufaransa La Fontaine, ambaye watoto wa Burundi, Rwanda na Kongo wamemkariri shuleni kwa miaka mingi, alikiri wazi kwamba fungu lake la pili la ngano linadaiwa sana na mwenye hekima wa Kihindi. Kwa hiyo mtoto wa Buyenzi alipokuwa akikariri kwa Kifaransa, baadhi ya aliyokuwa akiyasoma yalikuwa yamepita Baghdad kabla ya kufika Paris.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, fupi zaidi, nayo ni bahari. Majahazi ya msimu wa kaskazi yalileta pwani yetu watu wa Oman, wa Ghuba na wa Gujarat, na watu hawaachi hadithi zao bandarini. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alizisikiliza ngano za wenyeji, akaziandika kwa Kiswahili chao na kuzichapisha London mwaka 1870. Lengo lake lilikuwa lake, na sisi tunamshukuru kwa kalamu. Humo ndani kuna Kisa cha Punda wa Dobi.

Wengi wenu mnakijua. Kima alikuwa juu ya mkuyu ulioinamia baharini, akila matunda na kumrushia papa aliyekuwa chini, mpaka wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Katikati ya safari akamwambia kweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba angemwambia mapema angeuchukua, kwa maana kima huiacha mioyo yao juu ya miti. Papa akarudi pwani, kima akaruka mtini, na alipoitwa ashuke akamuuliza papa kama anamdhania ni punda wa dobi. Kisha akamsimulia: punda yule alivutwa kwa maneno matamu mpaka kwa simba, akaponea chupuchupu, akavutwa tena mara ya pili akauawa. Sungura akala moyo na masikio yake. Simba alipovitafuta, sungura akasema punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Sasa mfungue Ibn al-Muqaffa'. Yumo nyani aliye juu ya mtini ufukweni. Yumo rafiki yake wa majini, ambaye huko ni kobe. Umo moyo ulioachwa nyumbani. Na ndani ya kisa yumo punda asiye na moyo wala masikio, na huyo punda ni wa dobi. Miaka 1,100 imepita kati ya vitabu hivi viwili, na punda hakubadilisha bwana! Hata mti ni wa ukoo mmoja, kwani mkuyu na mtini ni ndugu. Kilichobadilika ni kwamba kobe amekuwa papa, samaki ambaye kila mvuvi wa Unguja anamjua, na mbweha amempisha sungura, mwenye hila wa ngano zetu za Kiafrika. Mabibi zetu walifanya kama alivyofanya Ibn al-Muqaffa': walikipokea kisa, wakakivalisha nguo za nyumbani.

Kutoka pwani visa hivi vilipanda na misafara ya karne ya 19, Tabora mpaka Ujiji, vikavuka ziwa. Uislamu na Kiswahili vilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo, na anayesimulia mkekani hatenganishi kimoja na kingine.

Hapo tunakuja kwenye jambo linalotutia wasiwasi kidogo, nalo ni hila. Sungura ni mjanja, na Abunuwasi ndiye mjanja wa wajanja. (Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, aliyefariki karibu na mwaka 814, visa vingi vilivyobandikwa jina lake ni vya Juha na wengineo.) Je, mtoto anajifunza wema kwa Abunuwasi? Tunaona inategemea hila imemwangukia nani. Abunuwasi aliyeazima sufuria akairudisha na kisufuria akisema imezaa, kisha akaja kusema imekufa, amemnasa jirani kwa tamaa yake mwenyewe: aliyekubali kuzaa atakataaje kufa? Hicho wasimulieni hata wadogo. Lakini viko visa ambamo mnyonge anaumizwa ili wasikilizaji wacheke, na hivyo, hata bibi akiwa ndiye mwenye kuvisimulia kwa utamu, sisi tunaviacha mpaka mtoto akue ajue kupambanua. Kicheko nacho ni mwalimu, na anachofundisha hakifutiki upesi.

Na Punda wa Dobi? Mkikisimulia, msikimbilie kueleza mafunzo yake. Waulizeni watoto kuhusu papa. Alikuwa tayari kumpeleka rafiki yake akauawe, ni kweli, lakini hakuna aliyemlazimisha kusema katikati ya bahari. Angenyamaza, kima angekufa. Tumewasikia watoto wakibishana juu ya hili mpaka adhana ya Isha: mmoja anasema papa ni msaliti, mwingine anasema moyo ulimsuta akashindwa kunyamaza, wa tatu anauliza sultani mgonjwa ilikuwaje baadaye. Huyo wa tatu hajajibiwa mpaka leo.

Kitabu cha Steere kinapatikana siku hizi bure katika maktaba za intaneti, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zaidi ya miaka 150 iliyopita, hivyo mzazi akisome kwanza peke yake, na maneno mawili matatu awaulize wazee wa mtaani kabla ya kuwaketisha watoto.